Shajara ya mradi: laina mpya kwenye mashine ya kusaga ya baba mdogo, Mvumi

Ijumaa jioni

Mashine ya baba mdogo imeacha kusaga. Injini yake ni S195 ya Kichina, silinda moja iliyolala chali, ile ambayo ukipita vijiji vya Chamwino, Kongwa au Bahi huwezi kuikosa: kipenyo cha silinda milimita 95, mwendo wa pistoni milimita 115, nguvu za farasi 12 ikizunguka mara 2000 kwa dakika. Umeme upo kijijini, ila laini iliyopita kwetu ni ya njia moja, na mota ya kinu cha ukubwa huu inataka njia tatu. Kwa hiyo dizeli bado ndiyo inayotulisha.

Dalili alizonisimulia kwenye simu ni zile zile za siku zote. Inawaka kwa shida asubuhi. Ikiwaka inatoa moshi wa buluu mpaka jirani analalamika. Inakula oili. Ukitia debe la mtama kinuni inapiga chafya, mkanda unalegea, kinu kinasimama.

Leo nimefanya jaribio moja tu kabla giza halijaingia. Nimezungusha hendeli bila kugusa kile kiwiko cha kuachia kompresheni. Injini nzima ya aina hii inakugomea, ukilazimisha inakurudisha mkono. Hii imezunguka kwa ulaini hata mtoto angeiweza. Nikafungua kifuniko cha kujazia oili nikatega sikio, nikaisikia pumzi ikitoka ndani, shhh, kila pistoni ilipobana. Kwenye ekzosi kimya, kwenye njia ya kuvutia hewa kimya. Maana yake valvu zinaziba. Pumzi inapita pembeni mwa pistoni na kushukia kwenye oili, kwa hiyo tatizo ni ringi zinazoizunguka pistoni, au laina yenyewe, yaani bomba la silinda ambamo pistoni inatembea, au vyote viwili.

Baba mdogo ameuliza kama ringi mpya peke yake zitatosha, kwa sababu bei yake ni ndogo. Nimemwambia, "Baba, nikishapima ndani nitakujibu. Nikikubahatishia leo, mwezi ujao utanunua tena."

Jumamosi, kufungua

Tumemwaga maji, tumemwaga oili, tumefunga dizeli. Hedi, kile kifuniko cha silinda chenye valvu, imetoka bila ugomvi. Nimefungua kifuniko cha nyuma, nikaondoa kichwa cha konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki (shafti inayozunguka), nikapiga alama kwa patasi ndogo upande mmoja ili nusu hizo zirudi zilivyokuwa. Kabla ya kuisukuma pistoni nje nimekwangua kaboni iliyojikusanya mdomoni mwa silinda. Hapo ndipo kidole kiligundua jambo: ukipapasa ndani ya laina kuelekea kwenye hedi, kuna ukingo. Sehemu ambayo ringi ya juu haifiki imebaki na unene wake wa zamani. Mara ringi inapoanzia, chuma kimeliwa, unasikia kabisa ngazi chini ya ukucha.

Pistoni ilipotoka, ringi ya juu ilikuwa nyembamba kama wembe upande mmoja, na sketi ya pistoni ina mikwaruzo ya wima, mingi, myembamba, iliyonyooka. Hiyo ni saini ya mchanga. Oili ikikauka, pistoni huacha mabaka mapana ya chuma kilichoyeyuka na kushikana. Mchanga unachora mistari.

Nimepima kwa kipimo cha saa nilichoazima kazini. Karibu na hedi, juu kwenda chini, laina imefika milimita 95.52. Pembeni kwa pembeni, mahali pale pale, 95.31. Mwisho wa mwendo wa pistoni, karibu na krenki, bado ni 95.1 na kitu. Yaani silinda haiko duara tena. Imekuwa yai, tena yai linalopanuka kuelekea mdomoni. Hilo linaeleweka kwa injini iliyolala. Konrodi inapoegemea pembe, inaisukuma pistoni juu na chini, siyo kulia na kushoto, na uzito wa pistoni nao unakaa upande wa chini. Na kule karibu na hedi ndiko kwenye moto mkali, presha kubwa na oili kidogo kuliko kote.

Ringi mpya ndani ya yai haiwezi kuziba. Ringi ni duara. Nimemwonyesha baba mdogo kwa kuingiza ringi ya zamani mdomoni mwa laina na kumulika tochi kwa nyuma: mwanga umepenya juu na chini. Hakuuliza tena habari ya kununua ringi peke yake.

Jumamosi hiyo hiyo, kuing'oa laina

S195 haichongwi bloku yake. Silinda ni bomba la chuma linalochomolewa, sisi tunaliita laina, na maji ya kupozea yanaligusa moja kwa moja kwa nje. Upande wa hedi lina shingo inayokalia bloku. Upande wa krenki linazibwa na oringi za mpira ili maji yasiingie kwenye oili.

Pula nimeitengeneza hapa hapa: studi ndefu, kipande cha chuma bapa nilichokisugua kwa tupa mpaka kikakaa vizuri nyuma ya laina bila kugusa bloku, na boriti ya chuma iliyolala juu ya vipande viwili vya mti wa mpingo. Ukikaza nati polepole, laina inakuja. Kijana mmoja aliyekuja kutazama alitaka tuipige nyundo kwa nyuma. Nimemkataza kwa upole. Laina ya zamani haina thamani tena, lakini bloku ni moja, na ukiipasua pale oringi zinapokaa ndiyo mwisho wa injini.

Ilivyotoka, wote tumenyamaza tukaitazama. Nje yake imevaa ukoko mweupe, mgumu, unene unaokaribia wa sarafu ya shilingi mia mbili, na upande wa juu ukoko umepasuka kama udongo wa mbuga ya Bahi wakati wa kiangazi. Chini ya ukoko chuma kina vishimo vya kutu. Ndani ya tangi la maji kuna tope la rangi ya majivu limejaa mpaka karibu na njia ya kuzungukia laina.

Jumapili, baada ya ibada

Leo sijashika spana. Nimekaa na baba mdogo chini ya mwembe tukaongea habari ya maji, kwa sababu hapa ndipo ilipo kazi yenyewe, na sikutaka tuipite juu juu.

Injini hii haina rejeta. Maji yanakaa kwenye tangi lililo juu ya silinda, yanachemka, mvuke unatoka na kuondoka na joto. Kile kiboya chekundu kinaposhuka, unaongeza. Mpango mzuri, rahisi, hauna pampu wala feni ya kuharibika. Lakini angalia kinachotokea kwa maji ya visima vyetu. Maji ya Dodoma yana chumvi na chokaa, kila mtu anayenywa chai huku anaijua birika lake linavyofanana kwa ndani. Mvuke unaotoka ni maji matupu. Chokaa haipandi na mvuke, inabaki. Unaongeza ndoo nyingine, maji yanaondoka, chokaa inabaki tena. Mwaka baada ya mwaka tangi linakusanya yote yaliyokuwa kwenye ndoo zote, na mahali penye moto mkali kuliko kote, yaani ukuta wa laina karibu na hedi, ndipo chokaa inaposhika kwanza.

Ukoko huo hauachii joto lipite. Kwa hiyo laina inaungua kwa ndani huku maji ya nje yanaonekana yako sawa, mvuke unatoka kama kawaida, mwendeshaji hana habari. Oili iliyo ukutani inakuwa nyepesi mno, utando wake unakatika, na mchanga ukiingia hapo unakuta chuma kisicho na kinga.

Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi nilijua mashine inachoshwa na kazi." Nadhani wenye mashine wengi wa Kanda ya Kati wanaamini hivyo hivyo, na ndiyo maana nayaandika haya kwa kirefu. Kazi peke yake isingeila laina namna hii. Vumbi na maji ya kisima vimeila, na tukiweka laina mpya bila kugusa hivyo viwili, tutakuwa tumenunua tu muda.

Mama mmoja alipita na ungo wa uwele akatuuliza, "Wanangu, inasaga lini?" Kwa sasa anakwenda kijiji cha pili, kwa miguu, na mzigo kichwani. Nimemjibu, "Mama, Jumamosi ijayo tukijaliwa." Baba mdogo akaniangalia kwa jicho la kunikumbusha kwamba nimeshaahidi.

Katikati ya wiki, mjini

Spea nimenunua mjini Dodoma: laina, pistoni, ringi, pini, klipu na oringi, vyote katika boksi moja. Sijachukua boksi la kwanza nililopewa. Ndani yake pistoni ilikuwa na shimo kubwa la mviringo kichwani, hiyo ni ya injini inayopuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. S195 yetu ina chemba ndogo ndani ya hedi, na kichwa cha pistoni yake ni karibu bapa, kina mchongo usio na kina. Kipenyo ni kile kile, zinaingia zote, na hapo ndipo watu wanapokosea kununua. Ukiweka ya shimo, kompresheni inashuka na injini haiwaki asubuhi.

Nimepima laina mpya dukani kwa venia, kwenye mdomo na kwenye mkia, kwa njia mbili. Nimeitazama ndani juani: inatakiwa kuwe na mistari myembamba inayopishana kama kitambaa kilichofumwa. Mistari hiyo ndiyo inayoshika oili. Laina inayong'aa kama kioo inapendeza machoni lakini ringi hazikai.

Jumamosi, kuiweka

Asubuhi yote imekwenda kwenye usafi. Siyo kazi ya kujivunia lakini bila hiyo hakuna kitu. Tangi tumelikwangua kwa kijiti cha mti na brashi ya waya, halafu tumeloweka siki kwenye sehemu zilizobaki na kuacha ifanye kazi. Kuna waliopendekeza asidi ya betri. Hapana. Asidi ile inakula chokaa, inakula bloku, na ikikurukia jicho inakula jicho.

Mahali shingo ya laina inapokalia nimesafisha mpaka chuma kikaonekana, kwa msasa mwembamba uliozungushiwa kidole, siyo tupa. Punje moja ya kutu ikibaki pale laina inakaa imeinama, hedi ikikazwa inaikunja, na pistoni inaanza kusugua upande mmoja tangu siku ya kwanza.

Laina mpya nimeiingiza kwanza kavu, bila oringi. Inatakiwa iingie kwa mkono, izunguke, ikae. Kisha nimelaza rula ya chuma juu ya bloku na kupima kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mianya: shingo ya laina imeinuka kidogo kuliko uso wa bloku, sawasawa pande zote. Hicho kimwinuko ndicho kinachoibana hedi gasketi. Laina ikizama, hata gasketi ya bei ghali itavuja.

Halafu nimeitoa, nikavalisha oringi, nikahakikisha hazijajipinda kwa kupitisha kipini cha mviringo chini yake kuzunguka laina yote, nikapaka maji ya sabuni, nikaisukuma kwa viganja viwili. Imeingia kwa kishindo kidogo. Nikapima ndani tena, maana oringi nene kupita kiasi huibana laina pale chini. Duara safi.

Tangi tumelijaza maji na kuliacha hadi baada ya chakula cha mchana. Nilipolala chini na tochi kutazama upande wa krenki, pakavu. Hata tone.

Mchana, pistoni na hedi

Ringi usiziamini kwa sababu zimetoka kwenye boksi. Kila moja nimeiingiza ndani ya laina peke yake, nikaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae mraba, nikapima mwanya wa ncha zake. Kanuni ya mafundi ni sehemu 3 hadi 4 kwa kila 1000 za kipenyo, na kwa milimita 95 inakuja kama milimita 0.3 hadi 0.4. Ringi ya pili ilikuwa imebana zaidi ya hapo, nikaipunguza kwa tupa ndogo, kidogo kidogo, nikielekeza tupa ndani. Ringi ikipata moto inarefuka. Ncha zikigusana haina pa kwenda, inakwaruza laina au inavunjika.

Pistoni tumeipasha kwenye sufuria ya maji yanayochemka ili pini iingie bila nyundo. Klipu mpya, zimesikika zikikaa kwenye mifereji yake. Mianya ya ringi nimeitawanya kuizunguka pistoni ili isitazamane. Oili safi kwenye laina, kwenye ringi, kwenye beringi za konrodi. Alama za patasi zimekutana. Bolti za konrodi kwa spana ya torki, kisha waya wa kufungia.

Kabla ya gasketi kukaa moja kwa moja nimefanya jambo ambalo wengi hulipuuza. Vipande vya waya laini wa kulehemia redio vimewekwa juu ya pistoni, hedi ikakazwa, krenki ikazungushwa kwa mkono polepole mara moja, hedi ikafunguliwa. Unene wa waya uliobanwa unakwambia pistoni inasimama umbali gani kutoka kwenye hedi. Kwa pistoni iliyo tofauti na ile ya zamani, ni vizuri ujue hapo kuliko kusikia ikigonga.

Nati za hedi zimekazwa kwa kupishana, kwa awamu, kila awamu nguvu zaidi. Mwanya wa valvu injini ikiwa baridi: 0.35 ya kuingiza, 0.45 ya ekzosi.

Jioni, hewa na maji

Ea klina, kile chujio la hewa, ya zamani ilikuwa na oili iliyokauka ikawa kama lami, na bomba la mpira linalotoka kwake kwenda kwenye hedi lilikuwa na ufa chini, mahali pasipoonekana. Ufa huo ndio mlango wa mchanga. Hewa inapita njia iliyo rahisi, haiulizi kama imechujwa. Injini yenyewe inakaa upande wa kusini-mashariki wa kibanda, na upepo wa kiangazi unavuma kutoka huko huko, na barabara ya vumbi iko mbele.

Bomba jipya, klipu mbili za kukaza kila upande. Ea klina imeoshwa kwa dizeli, imekaushwa, imewekwa oili mpya hadi kwenye alama. Juu yake nimeunganisha bomba pana la plastiki linalopanda hadi juu ya paa na kuinama chini mwishoni ili mvua isiingie. Nimechagua pana makusudi. Jembamba lingeibana injini pumzi. Kule juu hewa ina vumbi kidogo kuliko pale magurudumu ya pikipiki yanapolirusha. Oili ya ea klina itabadilishwa kila wiki kiangazi kikikolea, na ikikutwa na mchanga chini ya bakuli, tutafurahi, maana mchanga huo haukuingia kwenye laina.

Maji: baba mdogo ana paa la bati na pipa. Kuanzia sasa tangi la injini linapewa maji ya mvua peke yake, na pipa la injini linafungwa lisitumiwe kufulia. Mvua zetu ni Desemba hadi Aprili, chache, lakini injini moja hainywi sana. Kiangazi kikirefuka na pipa likaisha, ataongeza ya kisima ila atamwaga tangi lote mara kwa mara badala ya kuongeza tu juu ya yaliyobaki. Na amri moja isiyo na mjadala: tangi likikauka injini ikiwa moto, usimwage maji baridi. Zima, ngoja ipoe, ndipo uongeze. Laina ya moto ikipata maji baridi inapasuka.

Jumapili asubuhi, kuwasha

Nimezungusha kwanza bila dizeli, kiwiko kikiwa kimeinuliwa, mpaka kitufe chekundu cha oili juu ya hedi kikapanda. Kisha dizeli, hendeli, kiwiko kikaachiwa. Imewaka mara ya kwanza. Moshi wa buluu kwa muda mfupi, oili niliyopaka ikiungua, kisha ekzosi ikawa safi. Sauti imekuwa nzito, ya kupiga, ile tuliyoizoea zamani.

Tumeiacha itembee bila mkanda, baadaye mkanda na kinu kitupu, baadaye nusu debe la mtama kwa mlisho mdogo. Ikapoa kabisa, nikakaza hedi tena kwa mpangilio ule ule na kurudia kupima valvu, maana gasketi mpya hukaa ikishapata moto. Hendeli sasa inagoma inavyotakiwa.

Yule mama wa uwele amefika na ungo wake, na amekuwa wa kwanza kwenye foleni. Unga wake umetoka laini, nimeushika.

Kilichobaki

Wiki hizi za mwanzo kinu kisijazwe hadi juu, na oili imwagwe mapema kuliko kawaida kwa sababu itakuwa na vyuma vidogo vya ringi zinazokaa. Nimemwachia baba mdogo oili ya kutosha na kitambaa cheupe cha kuichujia ili aone mwenyewe kilichomo. Mfereji wa bati wa kuongezea maji kwenye pipa bado haujafika nyuma ya nyumba. Vipande viwili vinakosekana, nitavibeba nikija. Laina ya zamani tumeitundika ukutani kibandani, upande wa ukoko ukitazama mlangoni, ili kila atakayeendesha mashine aione kabla hajaenda kuchota maji.